Shida yangu ni deni, mshauri atanisaidia nini?

Swali: Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Kaptembwo, Nakuru. Nilikuwa na duka la spea za magari hadi mwaka jana lilipofungwa. Nina deni la Sacco, deni la chama na mikopo ya simu. Tangu Machi naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Chakula hakina ladha, watoto wakicheka naona wananipigia kelele. Siku hizi lazima nishike chupa jioni ndipo nilale. Mke wangu anasema niende kwa mshauri, mama anataka nikeshe kanisani. Mimi sielewi. Shida yangu ni pesa, mshauri atanilipia deni? Na nikionekana hospitalini upande wa wagonjwa wa akili, nani atanipa kazi tena? Wakati mwingine naona nyumba ingepumua nikiondoka.

Jibu: Ndugu yangu, naanza na sentensi yako ya mwisho. Watu wengi huitoa hivyo hivyo, mwishoni na kwa haraka, mkono ukiwa umeshafika kwenye kitasa cha mlango. Nikuulize waziwazi, kama ningekuuliza tukiwa tumeketi ana kwa ana: unafikiria kujiua? Umewahi kuwaza ni lini, au ni kwa njia gani? Kumuuliza mtu hivi hakumpandikizii wazo asilokuwa nalo. Aliye nalo humpunguzia kazi ya kulificha.

Kama jibu ni ndiyo, au ikifika siku likawa ndiyo, usingoje hadi umalize kusoma. Usibaki peke yako usiku huo. Mwambie mkeo au jirani unayemwamini kwa maneno hayo hayo, bila kuyapaka rangi. Chochote unachowaza kujidhuru nacho kitoke nyumbani, akiweke mtu mwingine. Piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyolipishwa, au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Ukiona huwezi kujizuia, nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu. Hapa mjini ni hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH. Na ikiwa kinachokufunga mdomo ni polisi, jua hivi: kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jela hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kuwa na wazo hilo na kulisema, hilo halikuwa kosa hata wakati huo.

Sasa deni. Hapana, mshauri hatakulipia hata shilingi, na akikuahidi kwamba ukitoka kwake pesa zitakufuata, rudi nyumbani. Ila swali lako limesimama juu ya dhana ninayokutana nayo karibu kila wiki, hasa kwa wanaume: kwamba ukiwa na sababu ya kweli ya kuwa hivyo ulivyo, basi wewe si mgonjwa. Huniambia: mwenye sonona, hiyo tunayoiita dipresheni, ni yule anayelia bila sababu. Mimi nina sababu. Nipe pesa uone kama sitapona.

Wewe umeuza spea, kwa hiyo utanielewa. Gari likichemka barabarani kwa kuwa rejeta inavuja, kuijua sababu hakuipozi injini. Unaegesha, unazima, unangoja ipoe ndipo unafungua kifuniko. Ukiendelea kukanyaga mafuta kwa kuwa “shida ni rejeta tu”, utafika Salgaa silinda hedi imepinda, na hapo una kazi mbili badala ya moja.

Ndivyo nionavyo barua yako. Deni lilianza, sawa. Lakini tangu Machi kuna kitu cha pili ambacho sasa kinajiendesha chenyewe: usingizi umekatika, chakula hakipiti, kicheko cha mtoto kinakuwa kero. Na kitu hicho cha pili ndicho kinachokuzuia kulishughulikia la kwanza. Mtu asiyelala hawezi kupiga hesabu ya kurasa mbili. Mwenye hasira hupoteza hata yule rafiki ambaye angemkopesha au kumtafutia kibarua. Aliyejiona hafai haombi kupunguziwa malipo kwa sababu anaona hastahili. Hata mtu akikulipia deni lote Ijumaa hii, siwezi kukuhakikishia kwamba Jumapili utalala. Nimeona watu waliolipwa fidia na marupurupu yao yote, wakaendelea kukaa gizani wakishangaa mbona.

Hospitalini kuna karatasi ya maswali 9 ambayo pengine utapewa. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: kama umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, kukosa makini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mhudumu hapaswi kukuambia “jipe moyo” na kukurudisha nyumbani. Simpimi mtu kwa barua, lakini kwa mistari michache tu umeshayagusa manne. Karatasi hiyo ina pengo moja: haiulizi hasira wala pombe, na kwa wanaume wengi sonona huvaa sura hizo mbili kabla ya kuvaa machozi. Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe.

Pia usishangae ukitolewa damu na kupimwa presha. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa damu, sukari, hata dawa fulani unazotumia vinaweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana na hii. Ni vyema viondolewe njiani mapema.

Watu hunijia wakiwa na picha ya kochi refu la kwenye filamu. Vyumba vingi vya ushauri ninavyovijua katika kaunti yetu vina viti viwili, mara nyingine vya plastiki, meza yenye mafaili, boksi la tishu, na nje mtu anayegonga mlango akiuliza maabara iko wapi. Kikao cha kwanza huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Utaulizwa kilichokuleta, unaishi na nani, unalala saa ngapi, unakunywa nini na kiasi gani, kama kuna aliyewahi kuugua hivi katika ukoo, na utaulizwa tena swali nililokuuliza mimi. Utaambiwa kuhusu siri: unayosema yanabaki humo, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiagiza. Si lazima umwage yote siku hiyo. Watu wengine kikao cha kwanza huzungumzia tumbo tu.

Baada ya hapo ndipo swali lako linapata jibu. Kuna mpango wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa Problem Management Plus, uliotengenezwa kwa ajili ya watu ambao shida zao zinaonekana kwa macho: umaskini, vita, kipigo nyumbani. Ni vikao 5, kila kimoja dakika 90 hivi. Ulijaribiwa katika mitaa ya pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake, wengi wao waliopitia ukatili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliouendesha hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa na kusimamiwa. Wanawake waliopitia vikao hivyo walipungukiwa na mateso ya moyo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kituo cha afya. Umaskini ulikuwa pale pale. Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, kina nyanya waliofunzwa huketi na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kufanya kazi inayokaribiana na hiyo, nao pia wamepimwa kitaalamu wakaonekana wanasaidia.

Katika vikao hivyo 5 mtu hufundishwa kupumua taratibu ili mwili uache kukimbia. Hurudishwa kwenye shughuli, moja baada ya nyingine. Hutafutiwa watu wa kuegemea. Na katikati ya yote kuna kuikata shida vipande, na hapo nitakaa kidogo kwa sababu ndipo deni lako lilipo.

Umeuliza kama mshauri atakulipia “deni”, kana kwamba ni kitu kimoja. Mshauri anayeijua kazi yake atakupa kalamu uandike ni mangapi. La chama ni la aibu, kwa sababu unakutana na wale watu njiani. La Sacco ni la karatasi, na lina wadhamini ambao naona hukuwataja kabisa; pengine hapo ndipo penye uchungu kuliko pote, kwa sababu kuna mwalimu au askari mahali fulani anayekatwa mshahara kwa jina lako. La simu ni la makelele. Kila moja lina hatua yake, na hatua ya wiki hii huwa ndogo kiasi cha kuchekesha: kumpigia mdhamini mmoja, si kumlipa, kumwambia tu uko hai na hujamkimbia. Siku gani? Saa ngapi? Ukiwa wapi? Asiposhika simu utafanya nini? Hadi hapo ndipo hatua inaandikwa. Wiki ifuatayo unaulizwa ilikwendaje, na kama hukuipiga hiyo simu hugombezwi. Mnatafuta pamoja ni nini kilikushika mkono.

Nikupe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo ili mwenyewe asitambulike. Mama mmoja aliyekuwa akinunua viazi upande wa Molo na kuuza mjini alipata hasara misimu miwili mfululizo. Alipofika alikuwa na bahasha tatu za Sacco kwenye kibeti, zote hazijafunguliwa, ya zamani kabisa ikiwa imelainika pembe kama noti. Alikuwa akizibeba kila mahali, hata sokoni. Vikao viwili hatukuzigusa. Cha tatu akasema fungua wewe. Nikamwambia tufungue pamoja, yeye apasue, mimi nisome. Deni lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, kwa elfu kumi na kitu. Alinyamaza, akaomba maji. Kisha akauliza kitu ambacho hakuwa amewahi kuuliza tangu aanze kuja: “Sasa hawa wanataka shilingi ngapi kwa mwezi?” Wiki iliyofuata aliniambia usiku ule alilala hadi saa kumi na moja. Hakuna aliyemsamehe senti. Alikuwa ameacha tu kupigana na namba asiyoijua. Alikwenda Sacco na mwanawe, muda wa kulipa ukaongezwa, na hadi mwisho wa vikao vyetu alikuwa bado analipa, tena kwa manung'uniko.

Kuhusu wale wa mikopo ya simu, neno moja la kisheria. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kukutisha, kukutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Deni unadaiwa, ndiyo, lakini shemeji yako hahusiki. Wakimpigia, tunza jumbe, piga picha za skrini, ulalamike Benki Kuu au ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Zima arifa zao usiku. Hakuna deni lililowahi kulipwa saa tisa usiku kwa kutazama kioo cha simu.

Na hapo tufike kwenye chupa. Pombe hukulaza, kisha ikitoka mwilini hukuamsha, kwa kawaida nusu ya pili ya usiku. Sehemu ya hiyo saa tisa yako huenda ni ya chupa na wala si ya deni. Lakini kama sasa unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka au unatoka jasho, usiache ghafla peke yako. Kuacha kwa mkupuo kunaweza kuleta kifafa. Mwambie afisa wa kliniki akupangie. NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192. Usiku ukiamka, ukiona dakika kama 20 zimepita huna usingizi, toka kitandani ukakae mahali pengine kwenye mwanga hafifu hadi usingizi urudi, na asubuhi amka saa ile ile hata kama ulilala kwa saa mbili tu. Vaa viatu. Namaanisha hivyo hasa: mtu aliyekuwa akifungua duka kila siku, akibaki na ndala hadi saa sita mchana, mwili wake huamini kwamba hakuna kinachomngoja. Tembea hadi mahali, urudi.

Utaanzia wapi? Kituo cha afya cha umma kilicho karibu nawe kinatosha kwa hatua ya kwanza. Dirishani huhitaji kueleza maisha yako. Sema unataka kumwona afisa wa kliniki. Ukishaingia ndani, mwambie: silali tangu Machi, sili vizuri, nakunywa, na wakati mwingine nawaza kufa; naomba nipelekwe kwa mtu wa afya ya akili. Sema vyote vinne kabla hajaanza kuandika, kwa sababu ukitaja usingizi peke yake unaweza kutoka na vidonge vya usingizi na kwaheri. Atakuandikia rufaa kwenda hospitali ya kaunti, ambako kuna kitengo cha afya ya akili; Gilgil nako wanahudumia wagonjwa wa akili tangu zamani. Kwa wasomaji wa Kisumu, Jaramogi, ile mnayoiita Russia, ndiyo kubwa ya upande wenu. Eldoret ni hospitali ya Moi. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu pia anaweza kukuelekeza, kama humuonei haya kwa kuwa ni jirani.

Gharama: hospitali ya umma hutoza kiasi kidogo ukilinganisha na kliniki za kibinafsi, ambazo saa moja inaweza kuwa elfu mbili, tatu na kupanda. Kama bado hujajisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jisajili kabla ya kwenda, ukiwa na kitambulisho, kisha uulize pale pale dirishani ni nini kinalipiwa. Washauri wengine wa kibinafsi hupunguza bei ukiwaeleza hali, au hukubali kuonana nawe kila wiki mbili badala ya kila wiki. Omba. Aliyeuza spea anajua bei ya kwanza si bei.

Kabla ya kumlipa mtu, mwulize usajili wake. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa, na aliyesajiliwa hachukii kuulizwa. Mshauri na mwanasaikolojia hukutibu kwa mazungumzo. Daktari wa akili ndiye anayeandika dawa, na mara nyingi hufanya kazi na muuguzi au afisa wa kliniki aliyesomea akili. Mshauri akikusimulia ya wateja wengine, yako pia yatasimuliwa. Akikuhubiria kikao kizima, akikukopa, akikushikashika, usirudi. Na hata akiwa mzuri, mnaweza msipatane tu. Vikao vitatu au vinne vikipita na hamna mpango wowote mlioandika, mwambie, na akishindwa kubadilika tafuta mwingine. Watu huhama kinyozi kwa makosa madogo kuliko hayo.

Dawa nitazipitia haraka kwa sababu ni mazungumzo ya wewe na daktari. Si kila mtu huzihitaji. Ukipewa, kwa mfano fluoksetini, jua kwamba nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati madhara madogo kama kichefuchefu huja mapema, ndiyo maana wengi huacha siku ya tano wakisema hazifanyi kazi. Ukipona utaendelea nazo kwa miezi 6 au zaidi, na utaziacha polepole kwa mwongozo. Si sawa na zile za usingizi za jamii ya Valium, ambazo mwili huzizoea haraka. Usichukue za rafiki. Usizichanganye na ile chupa.

Mama yako anataka ukeshe. Nenda kama imani yako iko huko. Kanisa lina watu, na upweke ni sehemu ya ugonjwa huu. Nina masharti mawili tu. Usifunge kula wakati huu ambapo tayari huli na hulali. Mwambie mchungaji una ruhusa ya daktari, atakuelewa. Na yeyote akikuambia dawa au mshauri ni ukosefu wa imani, mwulize miwani yake aliinunua wapi. Wachungaji wengi ninaowajua hapa mjini ndio wanaonitumia watu, kwa hiyo usiwaweke kwenye fungu moja.

Kuonekana. Nakuru ni mji mkubwa kuliko tunavyodhani tukiwa na aibu. Ukimkuta mtu unayemjua kwenye lile benchi la hospitali, kumbuka naye amekuja kuketi hapo hapo. Hatakwenda kukutangaza bila kujitangaza. Faili lako si la mwajiri, na hospitali haina ruhusa ya kumpa mtu bila idhini yako. Ukizidiwa na hofu hiyo, wapo wanaofanya vikao kwa simu, na si huduma ya daraja la pili. Kwa wanaume wengine ni rahisi zaidi kusema ukweli bila kutazamwa usoni. Ningependa tu kikao cha kwanza kiwe ana kwa ana, kwa sababu ya ile sentensi yako ya mwisho. Nikuongezee la mtaani: watu wameshaona. Wameona duka limefungwa, wamekuona jioni. Wanachoweza kusema ukienda hospitali si kibaya kuliko wanachosema sasa.

Mkeo ameshakuomba, kwa hiyo usimpe hotuba. Mwambie, “Nimekubali, nitaenda Alhamisi, nisindikize hadi getini.” Kama ulimficha kiasi cha deni, usimfungulie usiku huo huo mkiwa mmechoka, mpeleke kwenye kikao cha pili au cha tatu mliseme mbele ya mtu wa tatu, vikao vya namna hiyo huwa vinaombwa. Naye amebeba mwaka mzima, mshauri atataka kujua analalaje.

Watoto hukusema wana miaka mingapi. Aliyefika kumi ameshajua kuna kitu, na asipoambiwa atadhani yeye ndiye aliyekukasirisha. Mwambie baba anaugua ugonjwa unaomnyima usingizi na kumfanya akasirike upesi, anaenda kutibiwa, na yeye hana kosa. Akiuliza kama utapona, mwambie watu wengi hupona. Kiasi cha deni usimwambie.